Pima Kwanza, Badili Baadaye: Fundisho la Vali ya Moshi kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Wanachuo wengi warejeapo kutoka katika mazoezi ya kufundisha huleta lalamiko moja ambalo sasa tumelizoea: "Tuliwafundisha vizuri, lakini hawakuelewa." Tukiwauliza ni kitu gani hasa ambacho watoto hawakukielewa, aghalabu hunyamaza, au hufungua daftari na kutusomea alama: huyu alipata tatu katika kumi, yule alipata nne. Alama hizo ni za kweli, wala hatuna haja ya kuzitilia shaka. Lakini hazijibu swali letu. Tuliuliza nini kimeharibika, nasi tumejibiwa kwamba kimeharibika kwa kiasi gani.

Katika makala haya tunakusudia kudai kwamba kutafuta chanzo cha kosa la mtoto ni kazi yenye utaratibu wake, na kwamba hapana budi ifundishwe na kufanyiwa mazoezi vyuoni kama tunavyofundisha kutayarisha andalio la somo au kutengeneza zana. Ili kulieleza jambo hili tutawachukua wasomaji wetu mahali ambapo pengine hawakutazamia kupelekwa na jarida la walimu, yaani gereji. Tuna sababu ya kuchagua mahali hapo. Fundi wa magari akikisia vibaya, hasara huonekana wiki ile ile, na mwenye gari huja juu. Mwalimu akikisia vibaya, anayelipa ni mtoto; hulipa kwa miaka mingi, wala hajui kwamba anadai.

Kisa cha gari

Mwenzetu mmoja ana gari dogo la Kijapani lenye injini ya silinda nne, la aina ile iliyojaa katika barabara zetu. Siku moja taa ya injini iliwaka katika dashibodi. Likiwa mwendoni gari lilikwenda bila taabu, lakini kila liliposimama njia panda injini ilitetemeka, na mara nyingine ilizimika kabisa. Fundi wa kwanza alichomeka chombo chake cha kusomea hitilafu, akaona namba P0015. Katika maelezo ya namba hiyo aliona neno "kamshafti". Papo hapo akasema sensa ya kamshafti imekufa. Sensa mpya ikanunuliwa, namba ikafutwa, taa ikazimika. Baada ya siku mbili taa ikawaka tena, na injini ikaendelea kutetemeka kama kwanza. Fundi wa pili akashauri injini ifunguliwe na mnyororo wa taimingi ubadilishwe, kazi ambayo gharama yake ni kubwa mara nyingi kuliko ile ya sensa. Kabla hajakubali, mwenzetu alipelekwa kwa fundi wa tatu, mzee mmoja mpole, nasi tulifuatana naye.

Mzee yule hakufungua boneti. Aliuliza kwanza. Tatizo lilianza lini? Huja injini ikiwa baridi, au ikiwa imekwisha kupata moto? Oili ilibadilishwa mara ya mwisho lini, na ilikuwa oili gani? Nani alikwisha kuligusa gari, na alifanya nini? Mwenzetu alijibu yote, isipokuwa swali la oili, ambalo alilijibu kwa kuona haya.

Jinsi vali za moshi zinavyoongozwa

Ili kuielewa kazi ya mzee yule, yatupasa kwanza kuijua injini yenyewe. Injini ya petroli ya namna hii hufanya kazi kwa mapigo manne: huvuta hewa na mafuta, huvibana, huviwasha, kisha hutoa moshi. Katika mapigo hayo manne krankishafti huzunguka mara mbili, na kamshafti, ambayo ndiyo inayofungua vali, huzunguka mara moja tu. Uhusiano huo hushikiliwa na mnyororo wa taimingi au mkanda. Katika injini za zamani wakati wa kufungua na kufunga vali uliwekwa kiwandani, wala haukubadilika. Katika injini nyingi za siku hizi hubadilika kufuatana na mwendo na mzigo.

Hubadilikaje? Kwenye ncha ya kamshafti kuna gia yenye vyumba vidogo ndani yake. Oili ya injini ikisukumwa upande mmoja wa vyumba hivyo, kamshafti hujipinda kidogo na kutangulia. Ikisukumwa upande wa pili, huchelewa. Anayeamua oili iende upande gani ni vali nyingine ndogo, vali ya kuongoza oili, inayosogezwa na sumaku ya umeme. Na anayeiamuru sumaku hiyo ni kompyuta ya gari. Kompyuta hutazama sensa mbili, moja ya krankishafti na moja ya kamshafti, na kwa kuzilinganisha hujua kama amri yake imetiiwa. Injini yenye utaratibu huu pande zote mbili ina kamshafti mbili: moja ya vali za kuingizia hewa, na moja ya vali za kutolea moshi.

Sasa, namba P0015 ina maana moja tu: kamshafti ya vali za moshi imechelewa kuliko ilivyoamriwa. Namba zinazoanza kwa P0 ni lugha moja kwa kampuni zote; Marekani iliulazimisha utaratibu huo kwa magari ya modeli ya mwaka 1996 na kuendelea, na nchi za Umoja wa Ulaya zikaufuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Lakini namba hueleza kilichoonekana, haielezi kwa nini kimetokea. Kamshafti yaweza kuchelewa kwa sababu oili ni chache au chafu. Kwa sababu kichujio kidogo cha vali ya oili kimeziba. Kwa sababu vali yenyewe imekwama. Kwa sababu gia imekwama. Au kwa sababu mnyororo umelegea au kuruka jino. Magonjwa hayo yote yana dalili moja.

Hapo ndipo tunapoliona kosa la fundi wa kwanza. Sensa aliyoitoa haikuwa mbovu. Ilikuwa ikisema kweli kwamba kamshafti imechelewa, ikafukuzwa kazi kwa sababu ya kusema kweli. Na taa ilipozimika alidhani amepona mgonjwa, kumbe alikuwa ameifuta namba tu.

Alivyofanya fundi wa tatu

Mzee aliisoma namba, na kabla ya kuifuta aliiandika katika daftari, pamoja na kumbukumbu ambazo kompyuta huziweka za hali ilivyokuwa wakati kosa lilipotokea: joto la injini na kasi ya mizunguko yake. Kisha alieleza kwa nini injini hutetemeka gari likiwa limesimama, na hutulia likiwa mwendoni. Vali za moshi zikichelewa kufungwa, moshi kiasi hubaki katika silinda na kuchanganyika na hewa mpya. Gari likisimama, hewa inayoingia ni kidogo, na moshi ule huwa fungu kubwa. Moto hushindwa kuwaka sawasawa. Mwendoni hewa ni nyingi, na moshi hauna nguvu ya kuuharibu. Kwa hiyo dalili aliyoisikia kwa mwenye gari na namba aliyoisoma zilikubaliana. Lau zisingekubaliana, alisema, angeanza upya.

Ndipo akaanza kupima, akitoka katika jambo rahisi kwenda katika gumu, na katika lile lisilo na gharama kwenda katika lile la gharama. Alichomoa kijiti cha oili: oili ilikuwa imepungua, nyeusi, na nzito kama uji. Aliitazama soketi ya vali ya oili na nyaya zake, akaupima kwa mita ukinzani wa sumaku. Mita ilionyesha omu 7 na kidogo, kiasi ambacho kitabu cha injini ile kinakikubali. Tena akatukumbusha kwamba waya ungekatika, kompyuta ingetoa namba nyingine, P0013. Kwa hiyo umeme haukuwa na hatia.

Jambo la tatu ndilo lililotupendeza zaidi. Katika injini ile vali ya oili ya upande wa moshi na ile ya upande wa hewa zilikuwa za namna moja. Alizibadilishana mahali: ya huku akaiweka kule, na ya kule akaiweka huku. Akafuta namba, akaliendesha gari. Namba iliporudi haikuwa ya upande wa moshi tena. Ilikuwa ya upande wa hewa. Kosa lilikuwa limeifuata vali. Maana yake, gia na mnyororo havikuwa na lawama, na kazi ile kubwa ya kufungua injini haikuhitajika.

Alipoitoa vali na kuigusisha kwa betri kwa nukta moja, kijiti chake cha ndani hakikusogea. Kilikuwa kimeshikwa na tope la oili. Aliisafisha kwa dawa mpaka ikawa inaruka kila ilipoguswa na umeme, akasafisha kichujio chake, akabadilisha oili na kichujio kikubwa, akairudisha kila vali mahali pake. Hakupokea ujira mpaka gari lilipoendeshwa, likapata moto, likasimamishwa mara kadhaa, na namba isirudi.

Turudi darasani

Sasa na tulitazame daftari la mtoto wa darasa la tatu. Amepewa hesabu kumi za kutoa, naye amepata nne. Mwalimu amepiga vyema vinne na mikasi sita, akaandika 4/10, na chini yake: "Ongeza bidii." Tulisome daftari hilo kama mzee yule alivyoisoma injini:

68 − 25 = 43
97 − 46 = 51
52 − 27 = 35
60 − 24 = 44
81 − 38 = 57
403 − 126 = 323

Mbili za kwanza ni sahihi. Nne zinazofuata si sahihi, lakini si za kubahatisha. Katika kila safu mtoto ametoa tarakimu ndogo katika tarakimu kubwa, bila kujali ipi iko juu na ipi iko chini. Katika 52 − 27 ametoa 2 katika 7, akapata 5. Kisha 2 katika 5, akapata 3. Hesabu zote alizozipata ni zile zisizohitaji kukopa. Mtoto huyu si mvivu, wala hajui nusu ya somo. Anayo kanuni moja, anaifuata kwa uaminifu toka mwanzo hadi mwisho, na kanuni hiyo ni potofu. Kumwambia aongeze bidii ni kumtaka akosee kwa haraka zaidi.

Jambo hili lina ushahidi wa wataalamu. Mwaka 1978 John Seely Brown na Richard Burton wa Marekani walichapisha uchunguzi wao juu ya makosa ya watoto katika hesabu za kutoa, wakaonyesha kwamba mengi ya makosa yanayodhaniwa kuwa ya ovyo hutokana na mtoto kufuata utaratibu wenye kasoro moja au mbili. Walitengeneza programu ya kompyuta waliyoiita BUGGY, ambayo hujifanya mwanafunzi mwenye kasoro iliyofichwa, na walimu wanaosomea kazi hujizoeza kuitafuta kwa kumpa hesabu za kuchagua. Chuo kisicho na kompyuta chaweza kufanya zoezi hilo hilo kwa wanachuo wawili na ubao.

Lakini kuijua kanuni potofu hakutoshi. Hiyo bado ni namba P0015. Kwa nini mtoto anaifuata? Hapa tunahitaji kipimo kitakachotenganisha chanzo kimoja na kingine. Mpe vijiti, vikiwa vimefungwa makumi makumi, umwambie atoe 27 katika 52. Akifungua fungu moja na kupata 25, basi maana ya kutoa anaijua, na kosa liko katika njia ya kuandika. Akishindwa hata kwa vijiti, basi makumi na mamoja bado hayajamwingia, na ni kazi bure kumfundisha kukopa kabla ya kurudi huko. Kisha muulize kwa sauti ya kawaida, isiyo ya kukaripia: "Umepataje?" Tumewahi kumsikia mtoto akijibu: "Mwalimu alisema tutoe ndogo kwenye kubwa." Na kweli mwalimu alisema. Alisema katika darasa la kwanza, wakati namba zote zilikuwa za tarakimu moja na maneno hayo yalifaa. Hakuna aliyerudi kuyabadilisha, kama vile ambavyo hakuna aliyebadilisha oili ya gari la mwenzetu. Kosa lilionekana kwa mtoto, lakini chanzo chake kilikuwa kwetu.

Vivyo hivyo, kipimo cha kubadilishana mahali kinafaa darasani. Yuko mtoto anayenakili vibaya kutoka ubaoni: huruka maneno, huandika herufi zisizokuwapo. Kabla ya kumwita mzembe, mbadilishe na mwenzake wa mbele kwa siku mbili. Kama sasa ananakili sawasawa, na mwenzake aliyekwenda nyuma ndiye anayekosea, kosa limebaki na kiti: huenda mwanga wa dirisha unawaka juu ya ubao, au mwandiko wetu ni mdogo. Kama mwenzake ananakili vizuri akiwa nyuma, na yeye hufanya vizuri awapo mbele tu, chunguza macho yake. Na kama kosa linamfuata hata mbele, mpe maneno yale yale kitabuni, uone kama tatizo ni kunakili au ni kusoma. Gharama ya vipimo vyote hivi ni kuhamisha madawati. Lakini tunawajua watu wazima waliotambua kwa mara ya kwanza kwamba hawaoni mbali baada ya kumaliza shule, wakiwa wamekwisha kuamini kwa miaka saba kwamba hawana akili.

Hoja za wanaotupinga

Wapo watakaosema kwamba fundi ana gari moja mbele yake, hali mwalimu ana watoto themanini. Hoja hii ni nzito, nasi hatuidharau. Lakini wanaosahihisha madaftari watakubali kwamba, ijapokuwa watoto ni wengi, namna za kukosea katika somo moja ni chache. Badala ya kuyapanga madaftari kwa alama, yapange kwa makosa. Utapata mafungu matatu au manne. Mwite mtoto mmoja au wawili wa kila fungu, dakika tatu kila mmoja, wakati wengine wanafanya zoezi. Kwa njia hiyo umewapima themanini kwa kuwauliza wanane. Na muda utakaoutumia ni mfupi kuliko ule wa kulirudia somo zima kwa sauti kubwa zaidi, jambo ambalo ndilo tunalolifanya siku zote, na ambalo ni kubadilisha spea bila kupima.

Wengine watasema kwamba mtoto si mashine. Hilo ni kweli, na tunawashukuru kwa kutukumbusha. Vali iliyokwama haioni haya. Mtoto huona haya. Huficha kosa lake, hunakili kwa jirani, huitikia "Ndiyo, mwalimu" ili aachwe. Tena mtoto huja na njaa, huja na msiba wa nyumbani, huja akiwa amelala saa chache. Mambo hayo hayapimwi kwa mita. Lakini tofauti hii haimpunguzii mwalimu wajibu wa kutafuta chanzo, inamwongezea. Fundi anahitaji utaratibu tu. Mwalimu anahitaji utaratibu na upole, kwa sababu mtoto akiogopa hataonyesha kosa lake, na kosa lisiloonyeshwa halitengenezeki. Kila mara tunapomcheka au kumpiga mtoto aliyesema "sielewi", tunaitupa sensa iliyokuwa ikisema kweli, na darasa zima linajifunza kunyamaza.

Tunayoyapendekeza

Kwa hiyo tunawasihi wanachuo wajizoeze mambo manne tangu mazoezi yao ya kwanza ya kufundisha. Kwanza, wasiandike alama bila kuandika kando yake, kwa mstari mmoja, ni kosa gani lililofanyika. Pili, wasisahihishe kabla ya kumsikiliza mtoto akieleza alivyopata jibu lake. Tatu, wasibadilishe mambo mawili kwa wakati mmoja. Anayebadilisha kiti, kitabu na njia ya kufundisha siku moja hatajua ni kipi kilichosaidia. Nne, wasihesabu kwamba kosa limekwisha mpaka wamelipima tena baada ya siku kadhaa, kwa hesabu nyingine na bila kumtahadharisha mtoto, kama mzee yule alivyokataa ujira mpaka gari lilipopata moto.

Nasi tunaofundisha vyuoni tuna deni letu. Tumezoea kuwapa wanachuo masomo ya mfano yaliyokamilika, ambamo watoto hujibu vyema na zana hazianguki. Ni wachache kati yetu wanaokusanya madaftari yenye makosa na kuyaleta chuoni, wanachuo wakae mbele yake na kujadiliana chanzo. Yafaa kila chuo kiwe na kabati la madaftari ya namna hiyo, majina ya watoto yakiwa yamefunikwa, na yafaa mtihani wa njia za kufundishia uwe na swali moja la kumtaka mwanachuo atambue kosa na kubuni kipimo chake.

Baada ya kazi ile mwenzetu alimwuliza fundi mzee kwa nini wale wengine hawakuliona jambo ambalo yeye aliliona kwa saa mbili. Mzee hakuwasema vibaya. Alijibu kwamba nao waliona namba ile ile, ila waliisoma kama jibu, naye aliisoma kama swali. Wanachuo watakapokabidhiwa daftari lenye alama nne katika kumi, tunawaomba waisome alama hiyo kama swali.